Nani Anamwogesha Baba

Jumatatu, 5 Novemba 2018

Kaacha nguruwe! Baba yangu! Mtu aliyekula nyama ya nguruwe ya mchuzi wa soya kila mchana tangu sijazaliwa, leo kasukuma bakuli kwa kidole kimoja kama anafukuza nzi.

Nimemuuliza kulikoni. Anasema harufu yake inamsumbua A-Na.

Inamsumbua A-Na! Mimi harufu hiyo imenikaa kwenye nywele miaka thelathini kwa ajili yake yeye, na hajawahi kuniuliza kama inanisumbua. A-Na mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, macho chini, anasema hapana Babu, kula tu, mimi nitakula yai. Na Baba: basi na mimi nakula yai.

Wamekula mayai wote wawili. Mimi nimemaliza bakuli zima la nyama peke yangu, kwa hasira, na sasa tumbo linanguruma.

Jina lake si A-Na. Ni Tarsinah, mtu wa Indramayu, Indonesia, miaka thelathini na sita. Baba alishindwa kulitamka, akambandika jina jipya siku ya pili. Na nani aliyemleta? Mimi! Jina la mwajiri kwenye kila karatasi ni langu, Tu Hsiu-luan, na muhuri mwekundu uliogongwa ni wangu, ule ninaouficha kwenye kopo la majani ya chai. Mimi ndiye niliyemdhamini. Wen-pin, mdogo wangu, alitoa mawazo tu kwa simu kutoka mji wa Hsinchu.

Sikuwa na la kufanya. Baba alipopata kiharusi nilimhudumia mwenyewe miezi saba. Kitanda, choo, kiti, kitanda. Halafu pingili za mgongo wangu zikagoma, nikaanguka naye bafuni, tukakaa sakafuni wote wawili mpaka jirani akaja kutuokota. Ndipo nikaomba mtu kutoka nje. Sasa inakaribia miaka mitatu. Kila siku najiambia: umeleta mfanyakazi, Luan, hukuleta mke mwenza. Na kila siku naona gere vilevile.

Alhamisi, 8 Novemba

Mama Liao kaja saluni kutiwa rola. Nywele zenyewe chache, mama wa watu haji kwa nywele, anakuja kwa umbea. Akiwa chini ya drayer hasikii, kwa hiyo anapiga kelele mtaa mzima usikie:

"Luan! Nimemwona baba yako kwenye reli ya treni ya miwa! Anatembea!"

Nikamwambia anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, kabadilishe miwani.

"Kiti kitupu, mwanangu! Kiti kilikuwa nyuma huko! Mzee na mkongojo wake, binti kamshika kiunoni, wanahesabu hatua kwa sauti. Tena kwa lugha ya kwao binti!"

Akacheka mpaka rola moja ikachomoka. "Watu husema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Wewe wako umempa mzee mzima!"

Nimemgusa sikio kidogo na pasi ya nywele. Bahati mbaya. Nafikiri ilikuwa bahati mbaya.

Waliporudi nilimuuliza Baba. Hatua arobaini na mbili, akasema, lakini akimtazama A-Na, kama mwanafunzi anayengoja asifiwe. Wiki ya tatu sasa wanatembea. Hakuna aliyeniambia. Na mimi je? Miezi ile saba nilimbembeleza atembee, nikamwimbia, nikamgombeza, akanirushia mkongojo ukavunja kioo cha saluni. Kioo kile kina ufa mpaka leo. Wateja huniuliza, nawaambia tetemeko la ardhi.

Jumapili, 11 Novemba

Leo siku yake ya kutoka, mara moja kwa mwezi, kaenda mjini Douliu kukutana na wenzake. Nimeingoja siku hii kwa hamu. Baba ni wangu mwenyewe, asubuhi mpaka jioni!

Saa tatu: A-Na anarudi saa ngapi? Saa kumi na moja, Baba. Saa tano: A-Na kachukua koti? Saa nane akaanza tena, nikamwambia A-Na amekufa. Akanitazama. Nikasema natania.

Nimemwogesha. Maji ya moto, anasema, A-Na huyapima kwa kiwiko. Nikayapima kwa kiwiko. Baridi! Nikageuka kuchukua taulo, na nilipogeuka tena alikuwa amesimama. Kashika chuma cha ukutani kwa mkono mmoja, wima, sabuni kifuani, anangoja nimsuuze mgongo. Kwa kawaida kabisa. Kumbe ndivyo wafanyavyo kila siku.

Binti mwema angelia kwa furaha. Mimi nimelia, lakini furaha haikuwamo. Nilifungua maji mengi asinisikie.

Ijumaa, 16 Novemba

Bi. Kang, wakala wetu wa wafanyakazi, kaja na faili lake la zambarau. Mkataba wa Tarsinah unaisha tarehe 20 Februari. Kumwongezea miaka mitatu kunataka kibali kipya, na kibali kipya kinataka Baba akapimwe upya hospitalini. Mambo kumi: kula, kuvaa, kuoga, kwenda choo, kupanda ngazi, mengine nimesahau. Kila moja lina alama. Akizidi sitini, basi, huyu hahitaji mtu wa kuletwa kutoka nje, na Tarsinah itabidi atafute nyumba nyingine haraka au apande ndege arudi kwao. Mara ya kwanza Baba alipata ishirini na tano.

Bi. Kang anaeleza hayo yote, na Baba anafanya nini? Anamtengenezea chai! Kwake mgeni hakai bila chai, na chai ya mgeni huimimina yeye, si mwingine. Kasuuza kibirika kwa maji ya moto, kamwaga ya kwanza, kamimina ya pili, vikombe vitatu vidogo, kwa mkono ule ule uliokuwa umekufa ganzi. Hakuna tone lililoanguka. Kisha kasimama — kasimama! — ampe Bi. Kang kikombe kwa mikono miwili.

Bi. Kang kakipokea kama kapewa kaa la moto.

"Mzee wangu, ukimmiminia daktari chai hivi, tumekwisha."

"Tumekwisha vipi?"

"A-Na anaondoka."

Baba kaketi polepole. Tarsinah alikuwa mlangoni na beseni la nguo, kasikia yote. Kaenda kuzianika.

Bi. Kang kanivuta saluni, kaninong'oneza. Siku hiyo asinyolewe ndevu. Aje na kiti. Akiulizwa asijibu haraka. Na wewe mwajiri utaulizwa pia, Bi. Tu, usije ukaanza kujisifu jinsi baba alivyopona! Nikamwambia mimi si mtu wa kujisifu.

Baba kamsikia. Masikio yake hayajawahi kuugua. Kasema kutoka sebuleni, nimeendesha treni ya miwa miaka thelathini na mbili, sijawahi kumdanganya hata mkaguzi. Sitajifanya gunia la viazi mbele ya daktari. Kama nimepona, nimepona.

Bi. Kang kashika kichwa. Na mimi — hapa hakuna msomaji, niseme — mimi nilifurahi mpaka nikaona haya.

Jumamosi, 17 Novemba

Wazo lilinijia nikiwa na mkasi kichwani mwa mteja. Sihitaji kufanya lolote. Sihitaji kumfukuza mtu, wala kusema neno baya. Baba atembee tu.

Nimemkata mteja zaidi ya alivyotaka.

Jumapili, 2 Desemba

Siku ya kuzaliwa ya Baba. Miaka themanini na moja kwa hesabu yetu. Wen-pin kaja na mkewe na keki kubwa isiyo na ladha.

Nimeamka alfajiri kupika makongoro ya nguruwe na tambi nyembamba ndefu. Siku kama hii hakuna chakula kingine! Makongoro ya kukanyaga nuksi, tambi za umri mrefu. Mama alimpikia, mimi nikamrithi Mama. Hata mwaka ule wa kiharusi nilimpikia, nikazisaga, nikamlisha kwa kijiko.

Nilidhani siku ya leo angalau. Kala tambi, kazichomoa moja moja, makongoro kayaacha yanamtazama. Akasema asante Luan, zimeiva vizuri. Halafu kamgeukia A-Na: bado kuna zile tambi zako za pakiti? Zile za pilipili?

Kampikia! Pakiti! Yai juu! Kazimaliza na mchuzi kaunywa. Wen-pin kacheka mpaka machozi, anasema, "Dada, umepinduliwa na pakiti." Mkewe kamkanyaga mguu chini ya meza, niliona.

Baadaye Wen-pin akajaribu kumshawishi Baba juu ya hospitali. Baba, ni nusu saa tu, ulegeze mkono kidogo. Baba kakataa. Wen-pin akanigeukia mimi: Dada, sema naye, wewe ndiye unaishi naye. Nikasema Baba ni mtu mzima, na uongo ni uongo. Nimelitamka hilo uso mkavu kabisa. Wivu wangu siku hizi unatembea umevaa nguo za ukweli, tena zinaukaa.

Jumatano, 12 Desemba

Nimekata nywele za nusu ya mji wa Huwei. Za Baba nimezikata tangu nina miaka ishirini na mbili, kila Jumatano ya pili ya mwezi, kiti cha dirishani. Hata hospitalini nilikwenda na mashine. Ni kitu kimoja tu ambacho A-Na hawezi. Nilikuwa nimekwisha kuweka taulo kwenye kiti, nimekwisha kumwahirishia mteja.

Wakaingia kutoka matembezini. Baba kavua kofia. Nywele zimekatwa!

Nyuma ngazi ngazi, sikio la kushoto limeachiwa kishungi. Kwa mkasi wa jikoni, ule wa kukatia majani ya vitunguu! Na Baba anajitazama kwenye kioo chenye ufa, anageuza shingo huku na huku, anatabasamu.

Sikujua kama nina sauti kubwa kiasi kile. Nilimwambia Tarsinah: "Nilikuleta umshike baba yangu, sikukuleta umchukue!"

Akasema, "Bosi, Babu ndiye aliyesema. Amesema ukisimama sana mgongo unakuuma."

"Mgongo wangu unakuhusu nini wewe?"

Baba kapiga mkongojo sakafuni. "Usimpigie kelele mtoto wa watu!"

Mtoto wa watu. Na mimi mtoto wa nani?

Alhamisi, 13 Desemba

Nimenuna. Mama Liao kaja, kaniangalia, kwa mara ya kwanza maishani mwake kanyamaza chini ya drayer.

Alipokuwa anaondoka akasema, "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Usijipe presha." Anamaanisha vizuri. Lakini sitaki kufa naye. Nataka ale nami.

Jumamosi, 22 Desemba

Siku fupi kuliko zote. Tumefinyanga vidonge vya unga wa mchele, vya waridi na vyeupe, maana asiyevila leo haongezi mwaka. Vya Tarsinah vyote sawasawa. Vyangu vingine kama maharage.

Tulikuwa hatujasemeshana siku kumi isipokuwa chumvi iko wapi. Yeye kaanza. Anasema dada yake kule Indramayu ndiye anayemwogesha baba yao, mzee naye ni mgonjwa, miguu imevimba. Kila wakizungumza kwa simu dada humwambia, nenda kaogeshe baba wa watu, huyu wa kwetu niachie mimi. Hata salamu siku hizi hampi.

"Dada yangu ananuna kama wewe, Bosi."

"Mimi sinuni."

Akacheka. Na mimi nikacheka kidogo, unga ukatupanda puani. Nikafikiri, kumbe si mtu mbaya. Kwa nini nisiishie hapo? Lakini akaendelea. Anasema, Babu anakupenda sana, Bosi, anasimulia habari zako kila siku kule relini. Kamsimulia siku niliyozaliwa! Alikuwa dereva msaidizi, treni imejaa miwa, mtu akapunga kitambaa chekundu kutoka shambani kwamba tayari, ni msichana. Baba karuka treni ikiwa inakwenda, kakimbia kwa miguu kupitia mashamba, kafika nyumbani hana kiatu kimoja. Kiwanda kikampa adhabu ya wiki tatu kung'oa majani relini.

Nilikuwa nimeshika kidonge mkononi, kikawa bapa.

Sikuijua hadithi hiyo. Miaka hamsini na nne! Kila mwaka nimemmiminia chai, nimemkata nywele, nimemwogesha, hajanisimulia. Hadithi yangu mwenyewe naisikia kwa mtu wa kutoka ng'ambo, kwa Kichina chake cha kuvunjika, na yeye anaijua vizuri kuliko mimi, hata rangi ya kitambaa. Nilitaka kumwambia asante. Nilitaka pia kumkaba. Nimesema maji yanachemka.

Alhamisi, 3 Januari

Tarehe imetoka. Upimaji ni tarehe 10, saa nne asubuhi.

Nimefanya ujinga. Nilitaka kujua, akiondoka yeye, kama naweza. Nimeingia stoo nikakumbatia gunia la mchele la kilo ishirini, uzito wa Baba ni mara tatu yake lakini tuanze na hapo. Nimelinyanyua. Nimelishusha. Nimelinyanyua tena kwa kiburi, na mgongo ukakwama katikati. Sipandi, sishuki. Mteja yuko saluni na dawa kichwani!

Tarsinah kanikuta nimeinama kama nasujudia mchele. Hakuuliza. Kalitoa gunia mikononi mwangu, kapiga goti, kanizungushia mikono tumboni, pumua Bosi, moja, mbili, na nikasimama. Kanilaza kwenye benchi akanichua kwa mafuta yake ya kijani. Kisha kaenda kumsuuza mteja dawa isimuunguze.

Mikono yake haina haraka. Inapita pale panapouma bila kuulizwa. Nimelala pale kifudifudi nikafikiri: kumbe hivi ndivyo Baba anavyosikia kila siku. Wivu haukupungua. Umezidi, maana sasa najua una haki.

Mafuta yamenifaa. Nimemwambia harufu ni kali.

Jumapili, 6 Januari

Nimeyaona kwa macho yangu. Saluni nafunga mapema Jumapili, hawakunisikia. Pazia la chumba cha Baba lina upenyo.

Baba ameketi kitandani na shati. Tarsinah mbele yake na ile karatasi ya mambo kumi.

"Babu, inua mkono."

Baba kainua. Mpaka juu.

"Babu! Hapana! Hapa tu." Kamgusa chini ya bega. "Tena."

Kainua, kauacha uanguke. Tarsinah kapiga makofi bila sauti. Wamefika kijiko. Baba kakiangusha, kakitazama sakafuni, kasema kimya kimya, mke wangu angeniona leo angenikana. Wakacheka wote wawili, vinywa vimezibwa kwa viganja. Kisha Tarsinah akaacha kucheka, akasema Babu, kama hutaki tusifanye. Mimi nitapata nyumba nyingine. Na Baba kasema, haya, jambo lingine, lete kifungo.

Mwenyewe! Mtu wa sitajifanya gunia la viazi! Wen-pin kambembeleza kakataa, wakala kamwambia kakataa. Kwa huyu anaangusha kijiko mara tano mchana kweupe, mpaka kianguke vizuri.

Nimerudi saluni nikawasha drayer tupu nisisikie. Nina kijiba cha roho, naandika kwa herufi kubwa nikione vema. NINA WIVU. Na uongo ni uongo. Na daktari ataniuliza.

Jumatano, 9 Januari

Baba kaniuliza wakati wa chakula cha mchana kama kesho nitavaa koti la bluu. Nikasema ndiyo. Akasema linakupendeza. Tarsinah alikuwa jikoni.

Anataka kitu. Hajawahi kusema nguo inanipendeza. Nimekasirika, halafu nimelipiga koti pasi mara mbili.

Alhamisi, 10 Januari

Niko chooni. Hospitali, ghorofa ya pili, mkabala na chumba cha upimaji. Nimekaa juu ya mfuniko, daftari magotini. Upesi.

Tarsinah kazuiwa nje, wanataka ndugu tu. Kamfunga Baba kifungo cha juu, kakumbuka, kakifungua tena. Kaenda kukaa karibu na mashine ya maji na mkoba wa nepi za akiba. Midomo inatembea, nadhani anaomba dua. Mimi nikasukuma kiti.

Daktari kijana, mpole. Kampa kijiko, Baba kakiangusha. Kampa shati, Baba kahangaika na kifungo kimoja mpaka daktari mwenyewe akatazama pembeni. Inua mkono, Mzee. Haukufika begani. Simama. Siwezi. Choo, unakwenda mwenyewe? Hapo shingo ya Baba ikawa nyekundu, na hiyo haikuwa mazoezi. Kisha kasema, mbele ya nesi, msichana mdogo kabisa, kwamba mara nyingi hafiki.

Baba yangu! Aliyejilowesha miezi ile saba akauma meno asiniambie mimi, nikawa nagundua kwa harufu tu. Kwangu alikuwa na heshima ya kulinda. Kwa A-Na kaivua akaiweka mezani kwa daktari.

Nikasema moyoni, basi, nasema. Ni ukweli mtupu, wala sitatunga. Daktari, anatembea hatua mia na ishirini. Anasimama bafuni. Anamimina chai. Maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi, matamu.

Daktari akageuka. "Wewe ndiye binti? Na mwajiri pia? Nyumbani naye yuko hivi hivi?"

Na Baba akanitazama.

Sijui niandikeje. Hakumtazama daktari, hakuutazama mlango ambao A-Na yuko nyuma yake. Mimi. Macho yote mawili, hata lile lililolegea. Hakukonyeza, hakutikisa kichwa. Ananitazama tu, kidevu kinatetemeka, na kidevu hakimo kwenye mambo kumi. Anajua. Nadhani amejua siku nyingi nilivyo, na bado kaja hapa kujiweka mikononi mwangu. Tangu aingie yule mwanamke nyumbani kwangu, Baba hakuwahi, mpaka leo, kuhitaji kitu ambacho ninacho mimi tu.

Nikasema samahani daktari, tumbo. Nikatoka. Tarsinah akasimama nilipopita, sikumtazama.

Jibu ninalo. Ni neno moja, lile analolitaka Baba. Nilikuwa nalo kabla sijainuka kwenye kiti.

Nesi amegonga. Bi. Tu, u mzima? Nimesema nakuja.

Ameacha mlango wa kule wazi, namsikia Baba. Ananiita. Luan. Luan, tena, kwa sauti ya juu zaidi, haijali nani anasikia.

Nimeshika kitasa. Aite mara moja tu zaidi.